Jiwe la Kufulia

Majuma machache yaliyopita tulikuwa tukiwasomea wanafunzi wetu imla ya Kifaransa. Ilikuwa habari fupi ya kijiji kimoja cha Ufaransa: kanisa, shule, barabara yenye miti, na mwishoni mwa barabara hiyo lavoir. Tulipokusanya madaftari tuliona kwamba zaidi ya nusu ya darasa wameandika lavabo, yaani kile chombo cha kunawia mikono. Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi neno, akainua mkono: "Mwalimu, lavoir ni kitu gani?" Tukamjibu kwamba ni mahali pa kufulia nguo. Akauliza tena: "Kama kule ziwani?" Darasa zima likacheka. Sisi nasi tukacheka, na kwa kicheko kile tukaficha kwamba hatukujua la kumjibu.

Mwalimu akiulizwa jambo asilolijua, hana budi kulitafuta. Basi tumelitafuta, vitabuni na ziwani pia, na leo twataka kuwaeleza tuliyoyapata. Kwa kuwa huku kwetu hatuna jina moja lililozoeleka kwa mahali kama pale, tutapaita mafulio.

Tuanze na ziwa. Husemwa kwamba mji wetu wa Bukavu ni kama mkono uliochovywa majini, maana rasi zake tano zimeingia katika Ziwa Kivu mfano wa vidole. Katikati ya vidole hivyo, mahali ambapo hapana ukuta wa nyumba ya mtu, ndipo wanawake hufulia. Jumamosi tuliteremka huko, tukafika saa mbili za asubuhi. Tulidhani tumewahi. Kumbe majani yote ya ufukweni yalikuwa yamekwisha kufunikwa: vitenge, mashuka, nepi za watoto, na zaidi ya yote mashati meupe ya shule na sketi za buluu, nyingi mno hata mtu angedhani shule nzima imevuliwa nguo. Wasichana waliendelea kuteremka kutoka Kadutu, kila mmoja na beseni kichwani na bidoni tupu mkononi. Tuliuliza bidoni ni ya nini. Ni ya kurudia na maji ya nyumbani.

Mama mmoja alikuwa amesimama majini mpaka magotini, mbele ya jiwe jeusi lililolazwa kidogo, laini kama sahani.

"Jambo, Mama."

"Jambo sana, Mwalimu. Leo umeleta nguo zako mwenyewe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Tulikuwa tumekuja mikono mitupu, na shati tulilovaa hatukulifua sisi. Tukamwuliza habari za jiwe. Akatuambia kwamba jiwe lile lilikuwa la mama mkwe wake, aliyelitumia tangu alipoolewa; na alipozeeka akamkabidhi mkewe mwana mbele ya mashahidi, kama vile mtu anavyomkabidhi mwingine shamba. Kila jiwe pale lina mwenyewe. Mgeni akifika huomba, akaazimwa, au husubiri. Ugomvi hutokea, hasa siku za kuelekea Noeli na Pasaka, lakini hakuna aliyepata kuliiba jiwe.

"Na maji ya bomba, Mama?"

"Ya bomba tunayanunua, Mwalimu. Ni ya kunywa na kupika. Nina watoto sita. Nifue nguo zao kwa maji ya kununua, kisha tule nini?"

Hapo tulimwuliza swali la tatu, nasi twaungama kwamba tuliliuliza bila adabu, kama mkaguzi. Tulimwuliza: nguo za mtoto anayeharisha azifulia wapi? Mama yule alilitazama ziwa, akatazama wale wasichana waliokuwa wakijaza bidoni zao hatua kumi kutoka pale, akaendelea kupiga sabuni. Hakutujibu. Swali hilo tutalirudia.

Sasa twende Ufaransa. Mafulio ya vijiji vya huko ni birika kubwa la mawe, lililochimbiwa chini, likilishwa na chemchemi au mfereji wa kijito. Kandokando yake mna ukingo mpana wa mawe ulioinamia majini, na juu ya ukingo huo ndipo nguo zilipopigwa sabuni na kusuguliwa. Juu yake mna paa. Mahali pengine, kama katika nchi ya Burgundy, paa huinamia ndani, hata maji ya mvua yakaanguka birikani, na katikati hubaki uwazi wa kuona mbingu. Penye mito ambayo maji yake hupanda na kushuka, watu walitengeneza sakafu ya mbao iliyoning'inia kwa minyororo, wakaipandisha na kuishusha kwa kadiri ya maji. Mjini Paris zilikuwako hata mashua za kufulia, zimefungwa kando ya mto Seine. Na katika mji mdogo wa Tonnerre mna chemchemi iitwayo Fosse Dionne, itokayo katika pango lenye kina kirefu sana. Mwaka 1758 ilijengewa birika la mviringo kwa ajili ya wafuaji, na mpaka leo lipo, maji yake ya rangi ya buluu na kijani.

Lakini jambo lililotupendeza kuliko paa na minyororo ni mpango wa maji. Katika vijiji vingi maji ya chemchemi yalifuata daraja. Kwanza yalitoka katika mdomo wa bomba, na hapo watu walichota ya kunywa. Yaliyozidi yaliingia katika hori, wakanywa ng'ombe na farasi. Kutoka hapo yakaingia birika la kusuuzia nguo, kisha birika la kufulia, na mwisho yakatoka kwa mfereji kwenda mashambani. Maji yaleyale yalifanya kazi nne au tano, wala hakuna aliyekunywa uchafu wa mwenzake. Mwanamke aliyesuuza nguo chafu katika birika la juu alipigiwa kelele na wote. Tafadhali, ndugu msomaji, liweke jambo hili moyoni, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Mafulio hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Zamani wanawake wa Ufaransa walifulia mtoni na ziwani, wamepiga magoti juu ya matope au juu ya ubao, kama sisi. Kisha kipindupindu kikaja. Mwaka 1832 kiliingia Paris, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimewaua watu zaidi ya 18,000 katika mji ule peke yake. Mwaka 1849 kikarudi. Wakati huo hakuna aliyejua ugonjwa huu waletwa na nini. Wengi walidhani wasafiri hewani pamoja na harufu mbaya. Hata hivyo waliona kwa macho yao kwamba uchafu na ugonjwa hutembea pamoja.

Mfano wa kwanza ulitoka ng'ambo ya bahari, na aliyeuanzisha hakuwa waziri wala daktari. Alikuwa mwanamke maskini, jina lake Kitty Wilkinson, mzaliwa wa Derry katika Ireland, aliyehamia Liverpool akiwa bado mtoto. Kipindupindu kilipofika Liverpool mwaka 1832, Kitty alikuwa na kitu kimoja ambacho majirani zake hawakuwa nacho: chungu kikubwa cha kuchemshia maji, kimejengewa jikoni mwake. Akawafungulia mlango. Majirani wakaleta nguo na matandiko ya wagonjwa wao, wakazichemsha na kuzitia dawa ya chokaa, kila nyumba ikilipa peni moja tu kwa juma. Nyumba ikajaa, wakatumia chumba cha chini. Watu wenye mali wakaona na kusaidia, na mwaka 1842 mji wa Liverpool ukafungua nyumba ya kufulia na kuogea katika barabara ya Frederick, kwa fedha ya mji. Mwaka 1846 Kitty na mumewe wakafanywa wasimamizi wake. Mwaka uo huo Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuiwezesha miji mingine kufanya vivyo hivyo. Leo sanamu ya mwanamke huyo imesimama katika ukumbi mkuu wa Liverpool, iliyokuwa na sanamu za waheshimiwa wanaume watupu mpaka yeye alipoingia mwaka 2012. Imechukua miaka mingi, lakini amefika.

Wafaransa walituma watu kutazama mambo ya Uingereza, wakarudi na habari. Tarehe 3 Februari 1851 Bunge lao likapitisha sheria: faranga 600,000 zitengwe kwa kusaidia miji na vijiji vitakavyojenga mabafu na mafulio ya bei nafuu au ya bure kabisa. Serikali italipa theluthi moja ya gharama, isizidi faranga 20,000 kwa mahali pamoja. Zilizobaki wenyeji wazitafute. Ni nani asiyejua jinsi "zilizobaki wenyeji wazitafute" kunavyoua mambo mengi? Lakini safari hii vijiji vilizitafuta. Vingine viliuza miti ya misitu yao ya ujamaa. Katika karne ile ya 19, mafulio yakajengwa Ufaransa nzima, mengine mazuri kama kanisa dogo, yenye nguzo za mawe na mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya mlango.

Haya, na kazi yenyewe? Hapa akina mama watuvumilie, maana tutaeleza kwa kirefu jambo ambalo wao walijua kabla yetu.

Nguo ndogo zilifuliwa kila juma. Lakini mashuka na nguo za kitani zilikusanywa miezi mingi zikafuliwa kwa pamoja, mara mbili tu kwa mwaka au mara chache zaidi, kwa kazi ya siku tatu. Sabuni haikuhitajika sana, maana walitumia majivu. Siku ya kwanza nguo zililowekwa. Siku ya pili zilipangwa katika pipa kubwa lenye tundu chini. Juu yake wakatandaza kitambaa kinene, na juu ya kitambaa majivu yaliyochekechwa. Hawakuchukua majivu yoyote tu. Ya miti ya matunda yalipendwa. Ya mti wa mwaloni yalikataliwa kwa kuwa yaweza kutia nguo madoa. Kisha wakamwaga maji juu, ya vuguvugu kwanza, halafu ya moto, halafu yanayochemka. Maji yalipita katika majivu, yakapita katika nguo, yakatoka tunduni. Wakayachota, wakayachemsha tena, wakayamwaga tena, toka asubuhi hata jioni. Chumvi ya majivu hukutana na mafuta yaliyomo katika uchafu, vikawa kitu kimoja cha jamii ya sabuni. Ni kazi ileile tunayoijua huku kwetu kwa mtu anayetengeneza sabuni ya mawese, isipokuwa hapa mafuta hutoka katika shingo za mashati.

Siku ya tatu nguo zilipakiwa katika toroli na kupelekwa kwenye mafulio. Huko ndiko zilikopigwa kwa kibao, zikasuuzwa, zikakamuliwa na wanawake wawili wawili, kila mmoja akisokota upande wake, kisha zikatandazwa juu ya majani, jua lizing'arishe. Sasa sikilizeni majina ambayo watu wa huko walizipa siku hizo tatu. Siku ya kuloweka waliiita Toharani. Siku ya majivu na maji yanayochemka waliiita Motoni. Na siku ya maji safi na jua waliiita Peponi. Tukiwa seminari tulifundishwa mambo hayo matatu kwa mpangilio mwingine, lakini hatuna neno la kuwapinga wanawake wale, kwani wao ndio waliotia mikono yao ndani.

Peponi pale palikuwa na baridi. Mfuaji alipiga magoti ndani ya sanduku la mbao lisilo na upande mmoja, lililotandikwa majani makavu, naye alikaa hivyo kutwa nzima. Wakati wa baridi kali alivunja barafu kwanza ndipo aloweshe. Mikono ilipasuka, magoti yalivimba, mgongo haukunyoka tena. Wengi walikuwa wakifua nguo za watu wengine kwa ujira mdogo. Wenye kupiga picha za mafulio hayo leo, yakiwa yamepambwa kwa vyungu vya maua, aghalabu huyasahau hayo.

Wanaume hawakukaribishwa. Aliyepita karibu alitaniwa mpaka akakaza mwendo. Nasi, baada ya yaliyotupata ziwani, twamwelewa. Mafulio yalikuwa ndiyo gazeti la kijiji. Anayefua huona yote: shuka la mgonjwa, shuka la bibi arusi, nepi zilizoongezeka, shati lenye damu. Siri hazikudumu. Mwandishi Émile Zola, katika kitabu chake L'Assommoir cha mwaka 1877, alianza habari yake kwa kuwagombanisha wanawake wawili katika nyumba ya kufulia ya Paris, ndoo kwa ndoo na kibao kwa kibao. (Kitabu hicho hakikuwa miongoni mwa vile tulivyohimizwa kuvisoma.) Lakini kulikuwa na upande mwingine. Yvonne Verdier, aliyechunguza maisha ya wanawake katika kijiji cha Minot huko Burgundy na kuchapisha kitabu chake mwaka 1979, alieleza kwamba mwanamke yuleyule mwenye ujuzi wa kufua ndiye aliyeitwa kumwosha mtoto mchanga anapozaliwa, na ndiye aliyeitwa kumwosha maiti. Jumuiya ilimwamini kwa mwanzo na kwa mwisho. Na zilikuwako miiko: kufua Ijumaa Kuu, walisema, ni kujifulia sanda.

Mambo hayo yote yalikoma upesi. Baada ya vita iliyoisha mwaka 1945 mabomba yakaingia nyumbani, na katika miaka ya 1950 na 1960 mashine ya kufulia ikafuata. Wengine walisikitika kwamba maongezi yamekwisha, kila mama sasa yuko peke yake na mashine yake. Sisi tusingependa kulia sana kwa niaba yao. Waliopiga magoti barafuni waliamka wenyewe wakaenda nyumbani, wala hatujasikia kwamba walirudi.

Basi, turudi Bukavu, na lile swali tuliloliuliza bila adabu.

Mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London uitwao Soho, mtoto mchanga aliharisha. Baba yake alikuwa polisi. Mama alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya: alifua nepi za mtoto, akayamwaga maji machafu katika shimo la nyumba. Shimo lile lilikuwa limepasuka, na hatua chache kutoka hapo palikuwa na kisima cha pampu katika barabara ya Broad, ambacho watu walikisifu kwa utamu wa maji yake. Katika majuma machache wakafa watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alifuatia nyumba za wafu mpaka akaikuta pampu. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa. Lakini aliyeigundua habari ya mtoto na nepi zake ni mchungaji mmoja kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, aliyeanza kwa kumpinga daktari, akaingia nyumba hata nyumba, akiuliza na kuandika, mpaka ukweli ukamshinda.

Hatusimulii mambo ya London kwa sababu hapa kwetu hayakutokea. Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walimiminika Goma, ncha ya kaskazini ya ziwa letu. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Vyoo havikuchimbika, na ziwa lilikuwa la kunywa, la kuogea na la kufulia kwa pamoja. Katika mwezi mmoja walikufa makumi ya maelfu, kwa kipindupindu na kuhara damu. Na tangu miaka ya 1970 ugonjwa huo haujatoka katika nchi za maziwa yetu. Hulala, kisha huamka. Maji tunayoyachafua Bukavu hayakai Bukavu. Huingia Ruzizi, yakateremka bondeni kuelekea Tanganyika, na huko nako wako akina mama wenye bidoni.

Kwa hiyo mama aliyetunyamazia hakuwa mjinga. Alijua. Tatizo lake halikuwa ujuzi bali mahali. Tukimwambia "usifulie ziwani" bila kumwonyesha pa kufulia, tumemwambia "usifue", naye atatuheshimu kama mwalimu na kuendelea na kazi yake.

Yawezekanayo leo hii tuyaseme kwa ufupi. Nguo za mgonjwa anayeharisha zisipelekwe ziwani hata mara moja, wala kijitoni, wala katika Kawa. Zichemshwe, au zilowekwe katika maji ya javeli kabla ya kufuliwa, zifuliwe mbali na bomba, zianikwe juani, na maji yake yamwagwe chooni. (Javeli, kwa wanaopenda kujua, ni jina la kijiji kilichokuwa kando ya Paris, huko ndiko dawa hiyo ya kung'arisha nguo ilikotengenezwa kwanza, mwishoni mwa karne ya 18.) Aliyefua anawe mikono kwa sabuni. Anayechota maji ya kunywa ziwani, na ayachemshe au ayatie dawa.

Lakini jambo kubwa ni mpango ule wa Wafaransa wa kupanga maji daraja. Katika mtaa wetu wanaume kumi na mmoja tulikutana Jumapili baada ya Misa. Tulipendekeza meza ya saruji karibu na bomba, lakini upande wa chini, mbali na mdomo wake. Meza ya kimo cha kiuno, ili mtu afue amesimama wima, maana hakuna amri iliyosema mwanamke afue ameinama. Birika mbili, moja ya kufulia na moja ya kusuuzia. Na mfereji utakaopeleka maji ya sabuni katika shimo la mawe lililopandwa migomba kandokando. Mvua ya Bukavu ni nyingi, na maji ya mvua hutoa povu upesi. Paa likiwapo, lenye mfereji na pipa, siku nyingi za mwaka hakuna haja ya kununua maji ya kufulia. Mzee mmoja aliuliza kwa nini wanaume wajishughulishe na mambo ya nguo. Tukamkumbusha kwamba huko pwani, Unguja na Mombasa, dobi amekuwa mwanamume tangu zamani, wala hajapungukiwa na ndevu.

Hatukumwambia mzee yule jambo la pili, kwa kuwa lilitugusa wenyewe. Seminarini tulifua nguo zetu kila Jumamosi, kijitoni, wavulana tupu, na hakuna aliyeona haya. Lakini tulipofika nyumbani likizoni, tulivua shati tukamwachia dada. Yeye alifua ya baba, ya wadogo, na yetu sisi tuliotoka kusoma Kilatini. Alikuwa hodari wa hesabu kutupita. Kila siku ya kufua alichelewa shuleni au hakwenda kabisa, na mwaka wa sita akaacha. Hakuna aliyemfukuza. Tulimaliza masomo yetu na mashati safi, na mpaka mwaka huu hatukuwahi kumwuliza neno. Juma lililopita tulimwuliza. Akasema, "Kaka, nani angefua?" kisha akatuuliza kama tumekula.

Darasani tulimjibu yule kijana, tukachora mafulio ubaoni: bomba, hori, birika, mfereji. Kisha tukawauliza wavulana nani kati yao amelifua mwenyewe shati alilolivaa. Mikono mitatu iliinuliwa, mmoja kwa mashaka. Wasichana hawakucheka, walitazama tu mikono ikihesabiwa.

Mifuko ya saruji imepatikana minne, na mchanga umekwisha kupandishwa kutoka ziwani kwa vichwa vya wavulana wa darasa la tano na la sita, jambo ambalo halikupita bila manung'uniko. Bado twagombania ufunguo: wengine wasema ukae kwa mwenyekiti wa mtaa, akina mama wasema ukae kwao au pasiwe na mlango. Twadhani wao ndio wenye haki.

Tulirudi ziwani kumweleza yule mama. Alisikiliza yote, kimo cha meza, paa, mfereji, migomba, huku akisuuza shati la shule na kulikamua. Aliuliza jambo moja tu: je, ataruhusiwa kulileta jiwe lake?